Chai Kwanza, Picha Baadaye

Point, Durban
Jumamosi, Novemba 1998

Nsimire wangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kusukwa kwa Mama Riziki, na najua hutarudi kabla ya saa kumi na moja, maana yule mama akishika kichwa cha mtu anakishika pamoja na habari za mtaa mzima. Kwa hiyo nina mchana wote. Gaspard ameniwekea meza karibu na dirisha, amenipa kalamu yake ya kuandikia risiti, amenibusu kwenye paji la uso, kisha ameshuka kwenda dukani huku akipiga mluzi. Ni wiki tatu tangu tufunge ndoa, na bado mluzi ule ukishuka ngazi, moyo wangu unashuka nao, ngazi moja moja, mpaka chini barabarani. Unaweza kucheka. Nina miaka arobaini na moja na ninapenda kama msichana wa darasa la nane, na sioni tena sababu ya kuficha.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za kula, wala za kuweka karatasi zako mahali pamoja. Hayo nimeyasema mpaka umenikataza. Nataka kuandika juu ya uongo wangu wa mwezi wa saba, ule wa nyumba na wa bwana. Kesho unapanda ndege kwenda kukaa mwaka mzima na watu ambao uongo ule nusura ukufungie mlango wao. Nimekisimulia kisa kile kwa kila mtu. Hata harusini tulikicheka mpaka mchungaji akafuta machozi. Lakini wewe hukucheka, binti yangu, ulikuwa unakusanya sahani. Niliona. Na sijakuomba msamaha mpaka leo.

Kumbuka Julai. Meli za jodari za Kazehama, kule Japani, zilikuwa zimefunga gatini kwa matengenezo, na nganda letu, mgahawa wa meza tatu na majiko mawili, likajaa mabaharia ambao hawakuwa wameketi mezani kwa miezi. Wali, samaki, sombe ya majani ya muhogo, walikula kila kitu, na wewe ukaokota Kijapani chao kidogo kidogo pamoja na sahani zao. Halafu akaja Bwana Tanabe, mzee wa nywele nyeupe mwenye kamera begani, na msaidizi wake wa sauti. Walitoka kwenye kituo cha televisheni cha mji huohuo wa mabaharia. Siku ya pili msaidizi akaugua tumbo. Si kwa samaki wangu! Alikuwa amekula mahali pengine, nilihakikisha Point nzima inajua. Bwana Tanabe akabaki na mikono miwili na kazi ya mikono minne. Ukajifuta mikono kwenye aproni, ukaenda ukaushika waya wa kipaza sauti kabla hajakuomba.

Siku nne ulishika kipaza sauti juu ya vichwa vya wanaume kwenye upepo wa gati. Kila baharia alisimama mbele ya kamera nusu dakika, akaisalimu nyumba yake. Jioni moja ulirudi kutoka gatini, ukaketi kabla ya kuvua aproni.

"Mama, iko mmoja amesahau jina ya mutoto yake mudogo," uliniambia. "Alizaliwa yeye akiwa baharini. Amesimama tu, amesema 'wewe mpya, habari yako.'"

Ukalia kidogo, kisha ukala sahani mbili. Nilikutazama nikajua umepata kazi yako hapa duniani. Mama anajua.

Siku ya tano chumvi ya bahari ikanyamazisha mashine yao ya kurekodi. Nani atafufua mashine ya Kijapani hapa Point? Gaspard, Mrundi wa duka la televisheni pale kwenye kona, ambaye alikuwa amekula kwangu kila mchana kwa mwaka mzima bila kusema zaidi ya "asante mama, chumvi iko sawa." Aliifungua mezani kwetu. Akaisafisha kwa spiriti na kipande cha fulana yake mwenyewe, taratibu, kama mtu anayemwosha mtoto masikio. Ilipoanza kuzunguka tena, mabaharia walipiga makofi na mimi nikaunguza wali. Ndiyo, siku ile. Nilikuambia ni moto wa gesi.

Usiku uleule Bwana Tanabe akatoa habari. Kila mwaka kituo chao huchukua kijana mmoja kutoka bandari moja ambako meli zao hutia nanga, akajifunze kamera. Mwaka huu alitaka awe wewe. Ila kabla kijana hajafika, watu wa Kazehama huonyeshwa kwenye televisheni nyumba yake na wazazi wake, wajue ni mtoto wa nani anayekuja kukaa kwao.

"Ijumaa nitakuja kupiga picha nyumbani kwenu," alisema.

Nyumbani kwetu! Chumba kimoja ghorofa ya tatu, lifti iliyokufa, pazia katikati, choo cha familia nne. Na baba yako, Mungu amrehemu, amelala Bukavu tangu vita. Niliwaza: watamwona mkimbizi. Watasema mtoto wa mkimbizi ataiba, atatoroka, atawaletea matatizo. Hakuna mtu aliyesema hivyo, Nsimire. Niliyasema mimi mwenyewe kwa niaba yao, kisha nikayaamini kana kwamba wao ndio waliosema. Hilo ndilo kosa lenyewe. Nyumba na bwana vilikuja baadaye.

Nilimwendea Mama Riziki, kwa kuwa nyumba yake kwenye yale majengo mapya inatazama maji.

"Nyumba nakupa," alisema. "Masofa nakupa. Hata yule mbwa wa udongo mlangoni nakupa. Lakini bwana sina wa kukupa, dada. Wangu mwenyewe bado natafuta."

Ndipo nikaenda dukani kwa Gaspard, nikasimama katikati ya televisheni zilizofunguliwa matumbo.

"Papa Gaspard, naomba nikuazime Ijumaa."

"Televisheni gani?"

"Si televisheni. Wewe."

Akaweka chini chuma chake cha kulehemu. "Kwa kazi gani, mama?"

"Uwe bwana yangu. Saa moja tu."

Akajifuta mikono kidole kimoja kimoja, mpaka nikaanza kutafuta mlango kwa macho. Kisha akauliza, "Nivae tai?"

Nimeolewa na mtu yule, mwanangu. Mpaka leo nikikumbuka lile swali la tai nasimamisha kazi.

Ijumaa unaikumbuka kuliko mimi. Nilikufundisha maneno kwenye ngazi. Nilikuambia, "Utamwita papa, na uitike vizuri." Ukaniuliza, "Na papa yangu mimi tunamuweka wapi?" Nikakuambia, "Si wakati wake." Nsimire, nimerudi kwenye ngazi ile mara nyingi kuliko unavyojua. Ulisimama juu ya zulia la mtu mwingine, mbele ya kamera uliyokuwa unaipenda, ukasema "oui, papa" kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge. Nami nikatabasamu kwa ajili ya picha.

Gaspard maskini! Alipoombwa aingie jikoni alete maji alifungua kabati, mifagio ikamwangukia. "Nakagua," alisema, akairudisha mmoja mmoja. Bwana Tanabe aliendelea kupiga picha. Alimuuliza tu, mkeo ni mtu wa namna gani? Swali hilo hatukuwa tumelifanyia mazoezi. Gaspard akaitazama kamera, tai imempanda shingoni, akasema: "Mtu yeyote akiingia kwake, hata asiyejulikana, anampikia kama vile alikuwa amepotea na sasa ameonekana." Nilidhani ni mchezo. Nilidhani huyu Mrundi ni mwigizaji hodari.

Jumapili tulikuwa ndiyo kwanza tumetoka kanisani, mlango ukagongwa. Unajua sisi na mlango unaogongwa. Bukavu ilitufundisha wakati wa vita. Hata hapa, ukigongwa ghafla, kabla sijauliza ni nani natafuta kwanza wewe umesimama wapi. Ulifungua wewe. Alikuwa Bwana Tanabe na pakiti ya majani ya chai mkononi. Alikwenda kwenye ile nyumba nzuri akamkuta Mama Riziki na rola kichwani, naye Mama Riziki, ambaye hajawahi kunyima mtu habari, alimwelekeza mpaka kwenye lifti iliyokufa.

"Eish, mama, tumekwisha," ulininong'oneza. Nikaona safari yako inatoka dirishani. Miaka yako yote ya kusoma chini ya taa ya jirani, zile siku nne za upepo, vyote, kwa ajili ya masofa.

Yeye alivua viatu. Aliketi kwenye kitanda chako, maana kiti ni kimoja, akaomba maji ya moto. Akanywa. Halafu akaanza kusimulia kwa Kiingereza chake cha bandarini, nawe ukanitafsiria. Nataka nikuandikie tena maneno yale. Siku ile ulikuwa na hofu, na nadhani uliyapitisha mdomoni bila kuyasikia.

Kituo kile, alisema, kilianza juu ya ukumbi wa mnada wa samaki. Nguo za mtangazaji zilinuka jodari, na habari zilisomwa baada ya mnada kwisha, vinginevyo kelele za wanunuzi zingeingia hewani. Watu wa miji mikubwa waliwacheka: wavuvi nao wanataka televisheni yao, wajitazame? Hawakuwa na mashine ya kunyanyulia mnara, basi wavuvi wenyewe wakafunga kamba, wakauvuta kilimani wakiimba kama wanavuta nyavu, wanaume mbele na wake zao nyuma. Mnara ukasimama kwa jaribio la kwanza. Bwana Tanabe alipofika hapo aliinua kikombe juu kama bendera, unakumbuka? Kijana mdogo alikuwa, mikono imechubuka kwa kamba, na aliyaona mapicha yakitokea kwenye vioo vya madirisha mji mzima.

Halafu wakaanzisha kipindi cha salamu. Meli za jodari zinakaa baharini zaidi ya mwaka, kwa hiyo kituo kikamtuma mpiga picha mmoja kwenye bandari za mbali akawafuate. Mpiga picha huyo alikuwa yeye. Safari moja aliporudi nyumbani alizirusha salamu jioni ileile, kwa haraka, kwa furaha. Mmoja wa wale wanaume alikuwa amechukuliwa na wimbi baada ya kupigwa picha. Kituo hakikujua. Mkewe alikuwa ameambiwa asubuhi ile. Mtoto alikuwa mbele ya televisheni, akapiga kelele, "Baba amekuja!"

Bwana Tanabe alikwenda nyumba ile kesho yake. Hakuthubutu kugonga. Aliketi nje karibu na mlango kutwa nzima, mpaka yule mjane akatoka na kikombe cha chai, akamwekea mkononi, akarudi ndani. Tangu hapo kituo kina sheria moja ambayo haijaandikwa popote: hakuna uso unaokwenda hewani kabla mtu wa kituo hajanywa chai katika nyumba ambamo uso ule unapendwa. Wanapanda pikipiki, wanakwenda nyumba kwa nyumba, hata theluji ikianguka. Kituo kikubwa kilipokuja na haraka zake, watu walisema hawa wa chai watakufa njaa. Wake wa wavuvi wakaleta matangazo ya samaki wao wakavu, wakasema matangazo yetu yataonyeshwa na wale wanaobisha hodi. Na kituo kipo, Nsimire. Kipo mpaka leo, na mnara ni uleule!

Alipomaliza alinitazama. "Nimekuja kunywa chai katika nyumba ambamo uso wa binti unapendwa," alisema. "Kwenye ile nyingine nilikunywa maji tu."

Basi nikamwambia yote. Nikasema nyumba si yangu, na bwana nimemwazima, na binti alilazimishwa, adhabu iwe yangu. Ulikataa kutafsiri ile sehemu ya adhabu. Ulidhani sikujua? Najua neno "punishment," mama, nimesoma sekondari.

Na hapohapo Gaspard akaingia, mashine ya kurekodi mikononi, maana aliachiwa aisafishe mara ya pili, na akatukuta tumekaa kama msibani. Akaelewa. Akaiweka mashine chini.

"Bwana Tanabe," alisema, "nyumba ile si yetu. Ndoa nayo si yetu. Lakini yale niliyosema juu ya huyu mama sikuyaazima kwa mtu."

Nani alikuwa anatafsiri? Wewe! Ulisimama mdomo wazi, na kijiko mkononi, na mzee wa watu anasubiri. Mwishowe ukatafsiri, polepole, na masikio yako yakawa ya moto. Mimi nilitazama pazia. Nililitazama lile pazia kana kwamba sijawahi kuona pazia.

Bwana Tanabe akacheka mpaka akashika mbavu. "Nilijua tangu mifagio," alisema. "Tuanze upya. Na hapa kuna mwanga mzuri kuliko kule."

Akakuwekea kamera mikononi. Wewe ulitupiga picha sisi, chumba chetu, pazia letu, picha ya baba yako ukutani, na yeye akakupiga picha wewe ukitupiga. Ulipofika kwenye picha ya baba yako ulisimama muda mrefu, na hukutetemesha mkono. Barua yao ilipokuja ilisema picha ile ndiyo iliyokupa nafasi. Si dirisha la kutazama maji. Wewe, na ukuta wetu.

Nimefikiri mara nyingi ingekuwaje kama mzee yule angekuwa mtu wa haraka. Ungefika Kazehama, kila mama sokoni angekuuliza habari za ile nyumba nzuri, na za papa yako mwenye tai. Ungekaa mwaka mzima unalinda masofa ya Mama Riziki. Nilitaka kukupa heshima, kumbe nilikuwa nakufungia mzigo wa kubeba ugenini, na juu yake nikamtoa baba yako ukutani kwa saa moja. Nisamehe. Si kwa sababu mambo yamekwisha vizuri. Yangekwisha vibaya ningekuomba vilevile.

Wakikuuliza unatoka wapi, waambie ghorofa ya tatu. Mimi nilichelewa kujua kwamba panatosha.

Na usinionee huruma kwamba nabaki. Ninabaki kwa shangwe! Juzi Gaspard alihamisha pazia lako, akasema tusilitoe, tulisogeze tu, kitanda kikae tayari. Ametundika picha ya baba yako mahali pa juu zaidi, akaifuta vumbi kwa kile kitambaa chake kizuri cha mashine. Sikumwomba. Sitakuomba nawe umwite jina lolote. Neno lile nilikulazimisha mara moja, halitatoka kwangu tena.

*

Nilikuwa nimeacha kalamu hapo, nikidhani nimemaliza. Umerudi, kichwa chako kimependeza, na huna habari kwamba nimekaa juu ya barua yako. Uliingia, ukatupa mkoba kitandani, ukaangaza huku na huku, ukasema kama mtu anayeuliza kijiko kiko wapi:

"Mama, papa iko wapi? Kufuli ya sanduku imekwama."

Nikasema yuko dukani. Ukashuka mbio. Sasa hivi nawasikia nyote wawili ngazini, mnabishana juu ya kufuli, yeye anasema spiriti, wewe unasema mafuta. Nami nimebaki na kalamu ya risiti na macho yaliyojaa, na ninaandika haraka kabla hamjafika.

Neno la mwisho basi. Bwana Tanabe ameandika kwamba kazi yako ya kwanza ikiwa tayari kurushwa, sheria ni ileile hata kwa nyumba iliyo mbali. Baharia wa meli yao itakayotia nanga hapa ataagizwa aje kwetu anywe chai kwanza. Nimenunua kikombe cha nne. Kiko juu ya kabati, hakuna anayekigusa. Siku mlango huu utakapogongwa ghafla, mwanangu, kwa mara ya kwanza tangu Bukavu sitatafuta umesimama wapi. Nitakuwa najua. Nitaweka maji jikoni, ndipo nifungue.

Mama yako, wa ghorofa ya tatu